Sikio la Kushoto la Mheshimiwa

Siku ya posa ya mjukuu wangu, chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Bellevue, Johannesburg, kilikuwa na watu hawa, nawataja wote asije mtu akanuna. Nilikuwapo mimi, bibi ya msichana. Alikuwapo Riziki, msichana mwenyewe, ila yeye tulimficha chumbani kwangu mpaka aitwe, ndiyo desturi. Alikuwapo Mama Chantal, msusi, mwenye hicho chumba. Mashine zake za kukaushia nywele tulizisukuma ukutani, isipokuwa moja iliyogoma kusogea. Alikuwapo Fundi Salumu, mshonaji wa chumba cha uani, Mrundi na Mwislamu wa swala tano, ambaye tulimwomba awe mjomba kwa siku moja kwa kuwa mjomba wa damu hatuna katika mji huu. Hao ndio upande wetu. Upande wa mume walikuja watatu: Espoir, kijana mwenyewe, baba yake, Baba Espoir, mwenye malori mawili kule Midrand, na shangazi yake, Mama Clémence, ambaye alikalia kiti cha saluni bila kuuliza, ile kofia ya mashine ikawa juu ya kichwa chake, ungesema amekuja kukaushwa.

Na katikati alikuwapo Mheshimiwa. Mtaniuliza, wa upande gani? Ngojeni. Kwanza niwaambie ni mtu gani.

Jina lake silitaji. Msidhani nimelisahau. Nalijua, na la baba yake, na lile la utani alilopewa shuleni, ambalo haliandikiki. Nina sababu yangu, nitaisema mwishoni.

Alikuwa mbunge wa jimbo letu kule mashariki ya Kongo. Siyo lile bunge kubwa la taifa la watu wenye vitambi viwili viwili; lile dogo la jimbo. Aliwakilisha vijiji vya milimani, vya muhogo na mbuzi na matope. Muhula mmoja tu. Lakini mtu akishaitwa Mheshimiwa mara moja, ni kama ndui: ugonjwa unapona, alama hazitoki. Hapa Johannesburg alikaa miaka kumi na zaidi katika chumba cha tatu cha ukumbi wetu, chumba ambacho ukifungua mlango wote unagonga kitanda, na hatukumwita kitu kingine.

Mungu alimpa sauti, urefu na meno. Majina alimnyima. Unakutana naye asubuhi, anakushika mkono, anakuuliza habari za wanao. Saa sita mchana unakutana naye tena, wewe ni mtu mpya kabisa. Mimi nilinyimwa vingine vyote nikapewa hicho. Ukinitajia jina lako leo, nitakurudishia miaka thelathini baadaye, pamoja na jina la mbwa wako.

Shule niliishia darasa la tatu. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Kiangazi tulivuka kwa kurukia mawe, masika mto ulijaa, kwa hiyo sisi wa upande wa huku tulisoma kiangazi tu, kama watu wanaoanika muhogo. Mwaka wa tatu nilirudi baada ya mvua nikakuta wenzangu wameshafika mbali, nikaona haya, nikashika jembe. Binti yangu Mapendo, mama yake Riziki, mto huohuo ulimsimamisha darasa la tano. Nilisema tushukuru, tumesogea madarasa mawili. Kwa mwendo ule mjukuu wangu angemaliza shule ya msingi.

Basi Mheshimiwa alipokuja kuomba kura, alisimama kwenye ukingo wa mto, akanyoosha mkono, akasema, "Hapa patakuwa na daraja!" Nilimwamini. Kesho yake nikaenda pale alipofikia, nikamwambia, "Bwana mkubwa, jana umemsalimia shemeji yangu mara tatu. Mara ya tatu ulimuuliza kama ni mgeni hapa."

Akaniangalia. "Kwani ni nani shemeji yako?"

"Ndiyo hiyo shida yako."

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kutembea nyuma yake hatua moja, upande wa kushoto. Mtu akikaribia, yeye huku anatabasamu huinamisha sikio la kushoto kidogo, kama mtu anayesikia nzi, na mimi namnong'oneza vitu vitatu: jina, mtoto, shida. "Mama Sifa, Baraka, paa limeng'oka." Basi! Anafungua mikono: "Mama Sifa! Baraka hajambo? Na lile paa, mama yangu, pole sana!" Mama wa watu analia. Anageukia wenzake: "Ananijua! Mtu mkubwa hivi, ananijua!" Wakati huo mkono wa Mheshimiwa ulikuwa umeshaondoka. Alikuwa na mkono wa ajabu: bado hujamaliza kuushika, wenyewe umeshaelekea kwa mwingine.

Tulizunguka hivyo vijiji vyote. Malipo yangu yalikuwa kitenge chenye picha ya uso wake. Nilikifunga vizuri, uso ukae nyuma. Nilipochoka kutembea, nilimkalia.

Akashinda. Na sikilizeni, jiwe la kwanza la daraja alikuja kuliweka mwenyewe, na utepe, na ngoma, na padri. Ndilo lilikuwa la mwisho vilevile. Yaliletwa marundo mawili ya mawe, moja kila upande wa mto, yakakaa yakitazamana kama wachumba wasiokubaliwa na wazazi. Baada ya mwaka wa pili watu wakaanza kuyachukua mojamoja. Kijiji chetu kilipata vyoo vizuri sana.

Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja tu: "Nimelipokea." Hilo lilikuwa jibu la kila kitu. Daraja? Nimelipokea. Daktari hatuna? Nimelipokea. Mheshimiwa, umenikanyaga mguu. Nimelipokea. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hapana. Alisema hapana ni neno la mtu asiyehitaji kura.

Ulipofika uchaguzi mwingine akataka kupanda bunge la taifa. Akanitumia ujumbe nijiandae. Nikajibu kwa kinywa cha huyohuyo mjumbe: mwambie nimelipokea. Nikakaa nyumbani. Alizunguka peke yake, na kijiji cha kwanza tu alimkumbatia Mama Sifa akamuuliza, "Na mzee hajambo?" Mzee tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia, na Mheshimiwa mwenyewe alituma jeneza. Alipata kura za kwao na za watu waliokosea karatasi.

Jinsi alivyofika Johannesburg, yeye husema ni usalama. Wengine husema ni aibu. Mimi nilifika kwa vita, pamoja na Mapendo na Riziki wa miaka minane, na mwaka uleule natafuta chumba Bellevue, mlango wa tatu unafunguka, anatoka nani? Ameninyooshea mkono na meno yote nje: "Karibu sana, mama! Habari za nyumbani?" Hakunijua. Nilitembea nyuma ya mgongo wa mtu yule miezi miwili, na ni kweli, uso wangu hakuwahi kuuona sana. Nilipomwambia ni mimi wa sikio, alishtuka, akakaa kitandani, akasema, "Mama wa Majina!" Ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo.

Sasa nimseme na mema yake, maana mama yangu alinifundisha usimseme mtu upande mmoja kama chapati mbichi.

Mtu yule alikuwa mwongo wa mambo makubwa tu. Katika mambo madogo sijaona mwaminifu kama yeye. Ukimwazima kiberiti alikirudisha kwa mikono miwili. Akisema atakutwangia sombe, majani ya muhogo, Jumamosi, Jumamosi asubuhi unasikia kinu. Mapendo alipougua, Mheshimiwa ndiye aliyesimama foleni ya hospitali tangu alfajiri amshikie nafasi, akihutubia foleni nzima kwa Kifaransa ambacho hakuna aliyekielewa. Mapendo alipofariki, alilia kuliko mimi, kisha akaniuliza pembeni, "Mama wa Majina, nisaidie, marehemu tunamwitaje?" Nikacheka msibani. Mpaka leo Mama Chantal anasema nilicheka kwa kuchanganyikiwa. Wala.

Wala hakuiba. Au aliiba vibaya, kwa sababu alifika hapa na suti moja ya kijivu. Kwa nini basi daraja halikujengwa? Nilimuuliza siku moja tukichambua ndagala, dagaa wetu. Akasema, "Mama, nilidhani kusema ni nusu ya kazi. Nikasema sana, nikijua nusu nyingine itafanywa na wengine." Hao wengine ni akina nani? Akafikiri. "Sikumbuki majina yao."

Alileta bunge nyumbani kwetu. Bafu ni moja, watu kumi na mmoja, naye akabandika mlangoni ratiba ya kikao, na mwenye haraka anyooshe mkono apewe nafasi. Mama Chantal alipita mbio akipiga kelele, "Mheshimiwa, tumbo halinyooshi mkono!" Na hakukaa kamwe kwenye kiti kisicho na mikono. Mkimpa stuli, anasimama. Aliokota kimoja chenye mikono kando ya barabara, karibu na robot, zile taa za magari, kikiwa na miguu mitatu, akakiongezea wa nne wa tofali, akakaa uani kama yuko mbele ya spika.

Kazi aliyopata ilikuwa ulinzi. Geti la mtaa wa matajiri kule Midrand, wa nyumba za rangi moja. Yeye aliyefunguliwa mageti sasa anafungua. Tulidhani itamwua. Eish, alinenepa! Pale getini kuna daftari, kila anayeingia ataandika jina, anakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na saini. Yaani Mungu alimshushia majina yote kwenye karatasi. Alikuja jioni na kurasa zilizojaa, akanisomea kwa fahari kama anasoma matokeo. Na kila gari liliposimama alitoa hotuba fupi. Watu wa teksi walimpenda, wenye nyumba walimlalamikia kwa sababu nyama zao zilifika zimeyeyuka.

Hapo getini ndipo alipokutana na Baba Espoir. Sasa tumerudi kwenye posa.

Riziki alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, bado miwili. Espoir alimpenda, na mimi sikuwa na neno juu ya Espoir, kijana mpole, anasalimia akiwa amevua kofia. Hofu yangu ilikuwa baba yake. Nilisikia anataka mkwe wa kukaa Midrand, kumsaidia shangazi nyumbani na ofisini kwa malori. Nilimuuliza mwenyewe kwa simu, na shule? Akasema, "Ah, Bibi, shule bila shaka. Tutaona." Usiku ule sikulala vizuri. Midrand haina mto, lakini mimi nayajua maji yanavyoanza kupanda. Hayaanzi kwa kelele.

Katika desturi zetu bibi hasemi mbele ya wakwe. Anatakiwa msemaji mwanamume, mtu mzima, mwenye maneno. Fundi Salumu ni mtu mzima lakini maneno yake yote yako kwenye cherehani. Nikamwendea Mheshimiwa pale kwenye kiti chake cha tofali. Nikamwambia: Riziki anaposwa na Espoir, Jumamosi, uwe msemaji wetu, na jambo moja tu nataka, mtoto amalize shule. Mengine wape.

"Nimelipokea."

Ambacho sikukijua ni kwamba wiki mbili kabla, Baba Espoir alishusha kioo cha gari getini akamwambia, "Mheshimiwa, sisi hapa wazee hatuna, tuna simu tu. Kijana wangu Espoir anataka kuposa mtoto anaitwa Riziki, huko Bellevue. Utatusemea?"

Naye, asiyejua kusema hapana, aliposikia Riziki na Espoir na Bellevue na Jumamosi, aliyaweka yote pale anapoweka majina. "Nimelipokea."

Jumamosi akatoka chumba cha tatu na suti ya kijivu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Baba Espoir akanyanyuka: "Huyu hapa msemaji wetu!" Na mimi wakati uleule nimenyanyuka: "Msemaji wetu huyu hapa!"

Jokofu la Mama Chantal likasikika.

"Ni wa nani?" akauliza Mama Clémence kutoka chini ya kofia ya mashine.

"Dini yangu inaruhusu wake wanne," akasema Fundi Salumu taratibu, "lakini msemaji wa wakwe wawili sijamsoma popote."

"Mheshimiwa!" Mama Chantal akashika kiuno. "Hata hapa umegombea vyama viwili?"

Baba Espoir alishafikia funguo za gari. Mheshimiwa akanitazama, na Mungu ananiona, akainamisha lile sikio la kushoto, kama zamani, akitaka nimnong'oneze pa kutokea. Sikufungua mdomo. Nilikuwa na hasira hata ya miaka ile ya mawe. Akangoja. Kisha akanyoosha shingo, akavuta koti, akasema kwa sauti ya bungeni:

"Kikao kimefunguliwa. Naomba viti viwili."

Vikaletwa. Upande wetu kiti chenye mikono, upande wa mume cha plastiki, nacho kina mikono, la sivyo asingekaa. Akakaa chetu, akawasalimia wageni kwa maneno matamu, akawauliza wamefuata nini. Akanyanyuka, akavuka mkeka, akakaa kile cha plastiki, akajibu: tumeona ua katika nyumba hii. Akarudi. Ua letu lina miiba, mna glavu? Akavuka. Tumekuja na mikono mitupu ya heshima. Mwanzo tulitazamana, halafu Mama Clémence akacheka, halafu sote. Habari ya mbuzi wa mahari ilikwisha upesi, alijibana mwenyewe, akajilalamikia, akajipunguzia, akajishukuru.

Kisha akakaa upande wetu. "Sisi upande wa msichana," akasema, "tuna jambo moja. Mtoto wetu anasoma. Atamaliza?"

Akavuka, mwendo mzito. Baba Espoir akamnong'oneza, upande uleule wa kushoto. Mheshimiwa akatangaza: "Sisi upande wa mume tunasema, shule bila shaka. Tutaona."

Nikasema ndiyo basi, nimempoteza.

Akavuka tena. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti chetu akakinyooshea kidole kile cha plastiki, kitupu.

"Upande wa msichana tunakataa. Yule aliyesema pale 'tutaona', mimi namjua. Nimekaa naye miaka sabini. Ni mwongo."

"Mheshimiwa!" akasema Baba Espoir.

"Ngoja, ndugu yangu, namsema huyo wa kwenye kiti, wewe umekaa pembeni. Mimi niliahidi daraja. Watu walinipigia vigelegele. Unajua kwa nini halikujengwa? Kwa sababu sikusema nani atajenga na lini. Ahadi isiyo na mtu na siku ni yangu hiyo, naitambua hata gizani, ina harufu yangu. Kuna mama katika chumba hiki aliishia darasa la tatu kwa ajili ya mto. Nilimtumia kupata kura, na mto sikuugusa." Hakunitazama aliposema hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akikiri mbele za watu. "Leo sipokei 'tutaona'. Nataka jina na siku."

Akatoa mfukoni kurasa mbili tupu za daftari la geti.

"Aitwe mwenyewe," akasema Mama Clémence. "Tusimseme mtu akiwa hayupo."

Riziki akatoka. Kiswahili chake ni cha hapa, kimelelewa na Kiingereza, lakini alisimama wima. "Shikamoo wote. Mimi nataka kuolewa. Shule siachi. Kama lazima moja, nachagua shule. Sori, Espoir."

"Sharp, sawa," akasema Espoir kwa sauti ndogo. "Mimi nilishakubali siku nyingi, hakuna aliyeniuliza."

Chumba kikaangua kicheko, isipokuwa Baba Espoir aliyemtazama mwanawe kama lori lililoongea. Basi ikaandikwa. Mheshimiwa alikalia mkeka, wallahi, bila kiti, akauliza kila jambo kama anayefunga matundu ya paa. Nani atampeleka shule kutoka Midrand? Espoir. Siku gani? Kila siku ya masomo. Gari likiharibika? Baba Espoir, na aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Akasema. Wiki ya mitihani nani atapika? Kila mtu akamtazama mwenzake. "Basi mimi," akasema Mama Clémence, "na mkimwambia mtu nakataa." Mtoto akizaliwa katikati? Nikasahau desturi nikanyoosha mkono: mimi, Bibi, nitakuja kukaa. Kila mmoja akaandika jina, anakotoka, saa ya kuingia, akatia saini. Safu ya saa ya kutoka Mheshimiwa aliijaza yeye, kwa wote mstari mmoja: akishamaliza.

Karatasi ile Mama Clémence aliibandika kwenye mlango wa jokofu lake. Zilikuwapo siku za maneno, sidanganyi. Kila yalipoanza, Riziki aliwaonyesha jokofu.

Miaka ikapita. Mheshimiwa alianza kupotea njia ya kazini, kisha njia ya bafuni, na binti yake akamchukua akae kwake, mtaa wa Observatory, nyumba ya kilimani yenye ngazi nyingi. Mwezi uliopita nilikwenda na Riziki, Jumapili baada ya kanisa. Riziki alikuwa anaingia zamu, amevaa sare yake ya uuguzi, nyeupe mpaka inaumiza macho.

Alikuwa barazani, kwenye kiti chenye mikono. Amekonda, meno yamebaki machache. Akatuona akanyoosha mkono na tabasamu lote: "Karibuni sana! Habari za nyumbani?" Hakutujua hata mmoja. Riziki akapiga magoti kumsalimu. Na yule mzee, akitabasamu vilevile, akainamisha sikio la kushoto.

Nikasogea mahali pangu, nyuma hatua moja. Nikanong'ona: "Riziki. Watoto, bado. Shida, hana, amemaliza shule."

"Riziki!" akasema. "Umemaliza shule! Hongera sana, mwanangu!" Mtoto akalia. Nilitaka kumwambia usilie, ni kazi yetu ya zamani hii, lakini na mimi nilikuwa natafuta leso.

Riziki alipoondoka kwenda zamu, nikabaki. Alikuwa akiitazama mitaa chini. Kisha akageuka kabisa, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Na wewe," akasema, "hakuna aliyewahi kuninong'oneza wewe."

Kweli. Miezi miwili ya vijiji, miaka kumi na zaidi ya ukumbi mmoja, nilimpa majina ya dunia nzima, langu sikumpa, na yeye hakuuliza. Nikainama. Nikasema kama ninavyojua kusema: jina, mtoto, shida.

Akajinyoosha kitini. Akanyoosha mkono. "Mama Feza!" Ndilo jina langu. Ile sauti ya ukingoni ilikuwapo bado. "Mama Feza! Riziki hajambo? Na lile daraja, mama yangu..."

Akakwama.

"Bado, Mheshimiwa," nikasema. "Mawe yamekwisha. Yako vyooni."

Hakusema amelipokea. Alinishika mkono tu. Nikangoja uondoke, kama kawaida yake, ukatafute wa mwingine. Binti yake akaleta chai, ikakaa mpaka ikapoa, na mkono ulikuwa bado uko pale.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Mlio Bellevue au Midrand mliokuwapo siku ya posa, kama nimekosea nani alicheka kwanza, au kiti cha plastiki kilikuwa upande gani, njooni mniambie, nitafuta niandike upya, sina kiburi. Majina msijisumbue, hayo sijakosea. Na lile moja nililoliacha, msiniletee, ninalo. Yeye alikaa na mimi miaka yote hiyo bila jina langu; wacha na yeye akae kidogo bila lake katika kurasa hizi, aone kunavyokuwa.